Moteri 1HZ yenye kuwekewa turbo: pistoni na biele za kiwanda zinabeba nguvu mpaka wapi?

Pikap_ya_Panzi

Jambo bandugu. Niko na Land Cruiser HZJ79, ile pikap, moteri ni 1HZ ya kiwanda, haijafunguliwa ata siku moja. Inatembea Bukavu–Uvira na mara moja moja Walungu, inabeba mizigo ya batu, maharagi, simenti, kazie za bia, kila kintu yenye inalipa. Shida yangu ni kilima ya Ngomo. Kutoka Kamanyola kupanda nikiwa nimejaza, gari inalia tu mu vitesi ya pili, moshi mweusi inafunika benye kuwa nyuma mpaka bamotari banatutukana, na hapo kilima haijafika ata katikati.

Sasa nimepata turbo (ile yenye kusukumia moteri hewa mingi) ya okazio, yaani ilishatumika, bei ya kirafiki, pamoja na kolekta yake, ile bomba yenye kukusanya moshi wa silinda. Fundi wangu anasema ataiweka haraka tu, atafungua pompi kidogo mazutu (dizeli) iingie mingi, kiisha tutapandisha presio mpaka bari 1, na anasema gari itatoka pale na shevo (nguvu za farasi) 200 bila shida yoyote juu 1HZ ni moteri ya chuma haikufake.

Swali yangu ni hii: pistoni, segma (maringi ya pistoni), biele (mukono yenye kushika pistoni), kusine (beringi zake), vilebreke (ekse kubwa ya chini), bulo za kilase (kifuniko ya juu ya silinda), byote bile bya kiwanda, vinabeba shevo ngapi mbele ya kupasuka? Nani iko na namba? Sitaki kufungua moteri juu bei ya pyesi za ndani za orijinali naijua, na ile pesa sina. Nimeangalia pia video za Bamerika na ma Cummins na ma Duramax yabo, moteri za mazutu za pikap, banasema ndani yote ni ya kiwanda na inabeba shevo 500, 600, nikawaza basi mimi na 200 yangu nitalala usingizi. Musinicheke.

---

Fundi_Mazutu

Mukubwa, namba ya shevo sitakupatia, juu pistoni haijue shevo. Inajua bintu mbili tu, joto na presio. Unaweza kuwa na shevo 170 na ukayeyusha pistoni, mwenzako akatembea na 170 zile zile miaka mingi.

Tuanze na yenye unayo. 1HZ ni lita 4.2, silinda 6, ilianza mu 1990, inatoa kama shevo 130 kwa turi 3,800 kwa dakika na nguvu ya kuvuta Nm 285 kwa turi 2,200. Ilichorwa bila turbo. Ndugu yake 1HD-T njo ilitoka na turbo toka kiwanda, ni lita zile zile 4.2, lakini pistoni ni zingine, kilase ni ingine, pompi ni ingine, na kompresio yake (mara ngapi pistoni inafinya hewa) iko chini. Batu banaona bloku zinafanana banasema ni kitu moja. Hapana.

Chini ya 1HZ ni ya nguvu, pale fundi wako hajadanganya. Zile za turbo zenye zimefika mbele yangu zimekufa, sikumbuki yenye ilianza kwa kuvunja vilebreke. Zinakufa huku juu. Kilase inapasuka kati ya supapi, ao pale karibu na chumba kidogo chenye mazutu inawakia. Pistoni inapasuka kichwa, ao inayeyuka upande moja. Segma ya kwanza inashika mu mufereji yake, kiisha unaanza kuona moteri inapumua moshi kwa shimo ya mafuta. Biele inakuja nyuma ya ile yote, na mara mingi ikikunjika utakuta kuna kintu ingine ilisaidia: maji iliingia silinda juu jwenti (gasketi) ya kilase ilikuwa imekwisha, ao enjekteri, ile yenye kupulizia mazutu, ilikuwa inakojoa.

Sababu iko hivi. Mu 1HZ mazutu haimwagiki juu ya pistoni moja kwa moja, inapuliziwa mu kachumba kadogo ndani ya kilase, inawaka mule, halafu moto inatoka kwa katundu kamoja na kupiga kichwa cha pistoni fasi ile ile kila mara, sawa mutu anapuliza makaa fasi moja. Ukiongeza mazutu, ile fasi njo inakula yote. Na pistoni ni aliminiyo yenye kuchanganywa na silisiyo, ile mchanganyiko inaanza kulegea na kuyeyuka kwenye digri 577 hivi, wakati moshi mu kolekta unaweza kuwa 700 na zaidi. Yenye inaiokoa ni kwamba moto inakuja na kwenda, na joto inakimbia kupitia segma kwenda ku silinda na kupitia mafuta chini. Kukanyaga kidogo ili upite kamio mu tambarare, joto inapata wakati wa kukimbia. Kupanda Ngomo muguu chini toka mwanzo mpaka mwisho, haipati.

Kwa hiyo mimi mutu akileta 1HZ aweke turbo, kitu ya kwanza namuuliza ni saa ya joto, ile kipimo cha joto ya moshi. Sonda ikae mu kolekta mbele ya turbo. Digri 650 ni ya kupanda nayo murefu, 700 ni ya kupita tu, ukiiona unainua muguu ao unashuka vitesi. Presio, bari 0.5. Kama kuna radiateri ya kupoza hewa yenye kutoka ku turbo, 0.7 na unaishia pale.

---

Bari_Moja_Goma

Hizi ni woga za bazee. Mudogo wangu hapa Goma anatembeza 1HZ na bari 1.1 toka mwaka jana, anaenda Sake anarudi kila siku, haijapasuka kintu, na sauti yake utapenda. Weka, fungua pompi, tembea. Moteri za Mujapani zinabeba kuliko yenye banaandika, banaandika kidogo ili usiwasumbue na garantie.

---

Fundi_Mazutu

Goma–Sake ni tambarare pembeni ya ziwa. Anabeba nini mule? Na ile saa yake ya presio ilipimwa na nini? Nimeshaona saa moja inaonyesha 1.1 wakati ingine ya kweli inaonyesha 0.6 kwa mpira ile ile. Kama ni 1.1 ya kweli, basi ajaze simenti, apande Ngomo saa saba mchana, kiisha arudie hapa atuambie.

---

Ingenieri_wa_Zamu

Fundi ameongea yote, naongeza tu hesabu kidogo. Ni hesabu ya darasa, haihesabu joto yenye inapotea kwa kuta za silinda, kwa hiyo muichukue ya kulinganisha, siyo ya kupima.

Kompresio ya 1HZ ni 22.4 kwa 1. Ya 1HD-T ni 18.6 kwa 1. Hewa ya Bukavu, kwenye mita 1,500 juu ya bahari, haina bari 1, iko na 0.85 hivi. 1HZ bila turbo ikikamata hewa yetu na kuifinya, inafika kama bari 66 mbele mazutu haijaingia. Ukiweka turbo ya 0.5, hewa inaingia na 1.35, unafika kama 105. 1HD-T kwa ile 0.5 moja inafika 81 tu. Ili 1HD-T iumie sawa na 1HZ yenye 0.5, lazima uipe karibu 0.9. Na bari 1 yenye fundi anataka kukuwekea inakupeleka kwenye 144, na pale moto haijawaka bado, ikiwaka inapanda tena. Kwa hiyo mutu akikuambia "batu banatembeza bari 1 kwa Land Cruiser", muulize Land Cruiser ya moteri gani, juu ile sentensi inaweza kuwa kweli na bado ikaua yako.

Kitu ya pili, shevo 200. Shevo ni nguvu ya kuzungusha mara turi, basi. Shevo 200 kwa turi 3,400 ni Nm 420 hivi. Shevo 200 zile zile ukizitaka kwa turi 2,000 ni Nm 710. Mukaratasi ni namba moja, lakini mu biele ni maisha mbili tofauti. Biele inakunjika juu ya kusukumwa kwa nguvu chini chini, turi kidogo muguu mingi. Turi za juu sana zinaivuta na kunyoosha bulo zake, lakini 1HZ haikimbii vile. Sasa Ngomo unaipanda namna gani? Vitesi ya pili, turi 1,500, pedali imegusa bati. Ni ile tu yenye biele haipendi. Shuka ya kwanza, acha izunguke, maji na mafuta vitatembea vizuri pia juu pompi zake zinafuata turi.

Na tatu, njo yenye napenda zaidi kwa kesi yako: 0.15 ya kwanza ya turbo haikupi kintu cha ajabu, inakurudishia tu hewa yenye milima ilikunyima. Ule moshi mweusi wenye bamotari banakutukania ni mazutu mingi kwa hewa kidogo. Pompi ya 1HZ, kama yako haina kile kifaa cha kusahihisha urefu wa milima, inapima mazutu sawa uko Muanda pembeni ya bahari. Yaani tayari unayo mazutu ya ziada yenye inatoka bure kwa eshapoma (bomba ya moshi) na kuchoma pistoni njiani. Weka turbo ya 0.4 ao 0.5, na ule vis wa mazutu USIUGUSE. Utaona moshi umepungua, gari inavuta, na joto ya kolekta inaweza hata kushuka kuliko sasa. Nguvu ya bure ni ile. Yenye kuja nyuma yake, ya kufungua pompi, njo unaanza kulipia.

---

Mama_Mizigo

Mwanangu mimi siko fundi, niko na gari zinatembea barabara hiyo hiyo kwa hiyo nikuulize ya kwangu. Ile pikap inabeba ngapi? Mu vitabu banaandika tani moja na kitu. Ninyi munaweka mbili na nusu, munaongeza batu saba juu ya maturubai na mbuzi, kiisha munasema moteri haina nguvu. Shofa wangu mmoja alikuwa analia vile vile nguvu nguvu, nikamwambia punguza gunia, akasema mama tutapata hasara, nikamwambia hesabu unapata ngapi gari ikilala Ngomo siku tatu: ya kuvuta, ya gari ya pili ya kuhamisha mali, maharagi yameloa, mwenye mali anakupigia simu usiku. Alihesabu mwenyewe.

Angalia pia magurudumu. Kijana mmoja alileta gari kwangu nimnunulie, ameweka magurudumu makubwa ya urembo, eti gari ionekane juu. Magurudumu makubwa ni sawa umepandisha vitesi zote, kilima utaisikia. Rudisha kipimo cha kiwanda ndio uulize turbo.

Na mazutu yako unanunua wapi? Ukinunua ya bidoni kando ya barabara, enjekteri zako zimekwisha zamani hata kama hujui, na wewe unataka kuziongezea kazi.

---

Pikap_ya_Panzi

Aksanti sana mama, na bakubwa wote. Magurudumu ni ya kiwanda mama, uzito... tuache 😅 nitapunguza.

Sasa niliongea na fundi juu ya ile kompresio ya 22, akasema haina shida, tutaweka jwenti mbili za kilase moja juu ya ingine, kompresio inashuka, tunaweka bari 1 yetu. Munasema nini? Na bado hamujanijibu ya Bamerika, juu pale njo roho yangu inabaki. Bile nao si pyesi za kiwanda?

---

Fundi_Mazutu

Jwenti mbili HAPANA. Ile ni kazi ya mutu mwenye anataka urudi kwake baada ya wiki. Jwenti imechorwa kufinywa kati ya chuma na chuma, ukiweka mbili kati yazo hakuna kintu kinashika, presio itapata njia, maji itaingia silinda, na pale njo biele yako yenye ulikuwa unaogopa itakunjika kweli. Tena 1HZ kamu yake (ekse yenye kufungua supapi) iko juu ku kilase na inazungushwa na mukaba, ukiinua kilase umebadilisha pia umbali, kamu inachelewa kidogo kwa vilebreke. Na kachumba ka kuwakia kanategemea ile kompresio ya juu ili iwake asubuhi. Bukavu asubuhi unaijua baridi yake, utakuwa unasukuma gari na moshi mweupe majirani wote wanaamka.

Mwenye anataka kushusha kompresio anaishusha na pistoni zenye zilichorwa hivyo. Na ukifika kufungua moteri kuweka pistoni, hesabu tena, juu 1HD-T ao 1HD-FT nzima ya okazio inaweza kuwa bei karibu na ile. 1HD-FTE ya 1998 ilitoka kiwanda na shevo 200 na kitu na Nm 430, ni zile shevo zenye unaota, na kiwanda njo kilizilipia kazi ya kupoza pistoni. Ile lakini iko na elektroniki ku pompi, si kila garaji hapa itaigusa. Za 1HD-T za mwanzo nazo usinunue macho imefungwa, kusine za biele zao zinajulikana kwa kuchoka mapema, lazima mutu afungue katere ya mafuta, ile bakuli ya chini, aangalie na abadilishe.

---

Kamio_za_Kasumbalesa

Miye niko Lubumbashi, tunafanya ma kamio makubwa, naweza kujibu ile ya ba Amerika kidogo juu Cummins tunazifungua.

Ile Cummins 6BT yenye Dodge ilianza kuweka mu pikap zake mu 1989 ni lita 5.9 na ilikuwa inatoa shevo 160 tu. Wazia, lita karibu 6, shevo 160. Ilitoka mu kazi za mashine na ma kamio, turbo toka kiwanda, mazutu inapuliziwa moja kwa moja juu ya pistoni, kompresio ni kama 17, mukaba wa kamu hakuna, ni meno kwa meno. Ile moteri kiwanda kiliiacha na nafasi kubwa juu yake. Yako 1HZ ilitoka na nafasi ya kukaa bila turbo. Kwa hiyo ukisema "yao ni ya kiwanda na yangu ni ya kiwanda" hujasema kitu bado.

Na hata kule kwao hakuna namba moja. Duramax ya kwanza, ile ya 2001, lita 6.6 shevo 300, ukiisukuma sana biele zake njo zinakunjika. Ya 2006 na 2007 batu banalia juu ya pistoni kupasuka. Ni jina moja la moteri, fasi ya kuvunjika ni mbili. Ford ya lita 6.0 yenye ilianza mu 2003, pale ni bulo za kilase zinanyooka na jwenti inaachia mbele ya biele na pistoni kuulizwa swali. Kila moteri iko na fasi yake yenye inaanza, fundi mwenye ameifungua mingi anaijua, na ile fasi njo unailinda, siyo zote.

Kingine batu wasichoangalia mu zile video: 600 yao wamepima juu ya rulo, ile mashine ya kupimia nguvu, sekunde chache, gari tupu, hewa ya baridi, kiisha wanazima. Hakuna mwenye amepima 600 na tani mbili na nusu mu vitesi ya pili nusu saa. Ukiwauliza wale wenye kuvuta trela za kweli kule kwao, utakuta wao pia wanashusha, na wao pia wanaangalia saa ya joto kama huyu fundi wa Bukavu anavyosema.

---

Bari_Moja_Goma

Sawa sawa mumeshinda 😂 lakini basi si aweke enjekteri kubwa na radiateri ya kupoza hewa, bari 0.8, ni katikati ya ninyi na mimi?

---

Ingenieri_wa_Zamu

Radiateri ya kupoza hewa ndiyo, hiyo namuunga mukono, na ikae mbele kwenye upepo, siyo juu ya moteri bila tundu ya hewa. Lakini wazia kitu moja: mu Ngomo gari inatembea polepole kuliko mutu anayekimbia, upepo wa mbele hakuna, inabaki paka kazi ya filafila (feni) ya radiateri. Radiateri ya pili ukiiweka mbele ya ile ya maji, umeifunika kidogo. Kwa hiyo maji itapanda. Unaweza ukawa umeokoa pistoni ukachemsha kilase, na tulishasema kilase njo inaanza.

Enjekteri kubwa sioni sababu. Pompi ya 1HZ haina ile sehemu yenye kusikia presio ya turbo. Pompi ya 1HD-T inayo, turbo ikilala inakata mazutu, turbo ikiamka inaongeza. Ya 1HZ inafuata muguu na turi tu. Ukiifungulia mazutu ya bari 0.8, basi chini kwa turi 1,300 mbele turbo haijaamka, ile mazutu yote iko inaingia bila hewa. Moshi mweusi, joto, na kusukuma biele turi ikiwa chini. Umerudi ulikotoka na pesa imeenda.

---

Pikap_ya_Panzi

Ok nimesikia. Basi niko nafanya hivi, munisahihishe: naweka turbo ile ya okazio, bari 0.5, vis ya mazutu inabaki fasi yake, nanunua saa ya joto na saa ya presio mbele ya kuwasha kitu yoyote. Fundi hajafurahi anasema gari haitakuwa na ladha lakini gari ni yangu. Kuna kitu ingine ya kuangalia kabla? Na ile turbo, okazio nitajuaje kama ni nzima?

---

Fundi_Mazutu

Turbo: shika ekse katikati, isukume mbele na nyuma, kule kusiwe na muchezo yenye unasikia kwa kidole. Pembeni kwa pembeni muchezo kidogo tu ni kawaida, ila mapezi ya hewa yasiguse nyumba yake. Angalia ndani ku upande wa moshi kama kuna mafuta imekauka, kama iko pale, kusine zake zimekwisha.

Mbele ya kuiweka, pima kompresio ya silinda zote sita. Kama moja iko chini sana kuliko zingine, acha, tengeneza kwanza, turbo itaimalizia. Peleka enjekteri ku mutu mwenye iko na banki ya kupimia, mama hapo juu amesema kweli juu ya mazutu ya bidoni, na enjekteri moja yenye kukojoa inatoboa pistoni moja wakati tano zingine ziko muzuri na saa ya joto haitakuambia vizuri juu inapima moshi wa zote pamoja. Radiateri itolewe ioshwe ndani, na ile filafila yenye mafuta ya silikoni katikati, moteri ikiwa ya moto uizungushe na mukono ikiwa imezimwa, kama inazunguka bure bila kukataa, imekufa na ndiyo maana ya nusu ya shida zako za Ngomo. Mukaba wa kamu, kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha.

Mupira ya kurudisha mafuta kutoka turbo ishuke moja kwa moja, inene, isipande fasi yoyote, na iingie katere juu ya kiwango cha mafuta. Ikiingia chini ya mafuta, turbo itatapika mafuta kwa eshapoma na utasema ni mbovu. Vidanji (kubadilisha mafuta) ufanye mapema kuliko ulivyozoea, turbo inachoma mafuta. Na ukifika juu Nyangezi usizime mara moja, acha izunguke kidogo wakati batu banashuka kukojoa.

Presio ya turbo: weka ile vanu ya kupunguza presio mwenyewe uione inafunguka kwa 0.5 na mashine ya kupuliza magurudumu mbele ya kuifunga. Usiamini namba yenye imeandikwa.

---

Mama_Mizigo

Na ile saa ya joto uiweke fasi shofa anaiona, siyo chini ya redio. Kama shofa si wewe mwenyewe, mwambie ikipita pale anashuka vitesi, na ununue ile yenye kulia, juu shofa anaangalia barabara na simu, saa haiangalii.

---

Pikap_ya_Panzi

Shofa ni mimi mama 😄 lakini nitanunua yenye kulia.

Swali ya mwisho Fundi, ile sonda natoboa kolekta fasi gani? Nitoboe ikiwa imefungwa ku gari ao nitoe?

---

Fundi_Mazutu

Toa kolekta yote, toboa ikiwa mezani, pale moshi wa silinda unakutana karibu na mulango wa turbo, ncha ya sonda ifike katikati ya njia siyo kugusa ukuta. Ukitoboa ikiwa ku gari na turbo imefungwa, unga wa chuma utaingia na siku ya kwanza ukiwasha utakula mapezi ya turbo. Ukiiweka nyuma ya turbo utasoma chini, wakati wa kupanda tofauti inaweza kupita digri 100, utafikiri uko sawa kumbe hauko. Tarodi, ile ya kukatia uzi wa sonda mu tundu, uko nayo?

---

Pikap_ya_Panzi

Sina.

---

Fundi_Mazutu

Niko nayo. Niandikie pembeni, kuja na kolekta na ile sonda, gari iache nyumbani.